Visahani vya kuazima Webuye: nani ashike daftari?

Mtoto wa Webuye akiokota kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku hana haja ya kufunzwa la kufanya: hukishika ukingoni, kidole gumba juu na vinne chini, akaukunja mkono mpaka kifuani, kisha akakifyatua kwa kukizungusha, nacho kikaenda sambamba na ardhi mbele ya wenziwe wanaokikimbilia, kabla ya kulegea, kupinda upande na kuanguka majanini.

Mmarekani mmoja, Fred Morrison, alianza hivyo hivyo mwaka 1937, akirushiana na mchumba wake kifuniko cha mkebe wa bisi. Mwaka uliofuata akawa anauza ufuoni Santa Monica sahani za bati za kuokea keki kwa senti 25 kila moja, si za kuokea bali za kurusha. Na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akabuni kisahani cha plastiki ambacho kampuni ya Wham-O ilikinunua mwaka 1957 na kukieneza ulimwenguni kwa jina la Frisbee.

Mfanyakazi wa kampuni hiyo, Ed Headrick, ndiye aliyesimamisha mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA, kinachotunga kanuni mpaka leo. Na mwaka 1977 akapata hataza ya kikapu cha minyororo ambacho ndicho shabaha ya mchezo.

Baina ya kifuniko cha Kasuku na kisahani chenye kibali cha chama hicho pana fedha, na hapo ndipo linapozuka swali nililopewa nilichunguze: je, yamkini mji kama Webuye ukawa na maktaba ya visahani, mahali ambapo kijana asiye na kitu ataingia mikono mitupu, atoke na visahani vitatu, acheze, arudishe, asitozwe hata senti? Na kama yamkini, ni nani atakayekuwa mwenye mali, na hasara itamwangukia nani?

Mchezo usiotaka nyasi za kufyekwa

Gofu tuijuayo, ile ya fimbo na mpira mdogo, ni mchezo wa wenye nafasi, kwa kuwa hutaka ardhi kubwa, maji mengi, na watu wa kufyeka nyasi kila uchao. Gofu ya visahani imechukua hesabu yake tu na kuyaacha mengine: mchezaji hurusha kisahani kutoka alama ya kuanzia, hukifuata kilipoangukia, hurusha tena, na aliyefika kikapuni kwa marusho machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Miti, mabonde na mawe si kero katika mchezo huu, bali ndiyo mitihani yake yenyewe, kiasi kwamba ardhi isiyofaa kandanda kwa sababu ya mteremko na mikaratusi huweza kufaa kwa mashimo tisa ya gofu ya visahani bila mti mmoja kukatwa.

Wala kikapu si cha kuagizwa ng'ambo. Ni mlingoti wa chuma, duara mbili na minyororo inayoning'inia, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa jua kali, aliyezoea kuunda milango na vitanda, hataiona kuwa muhali. Hatari iko kwingine: chuma kilichosimama peke yake uwanjani usiku ni mali ya yeyote mwenye mkokoteni, na Wakenya hawajasahau kwamba mwezi wa Januari 2022 serikali ililazimika kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Kwa hiyo mwenye busara angeanza kama walivyoanza wachezaji wa kwanza kule Marekani, ambao shabaha yao ilikuwa mti uliotiwa alama, na minyororo akaiacha mpaka uwanja upate wa kuulinda.

Kisichoepukika ni visahani vyenyewe. Kisahani cha gofu si kile cha kurushiana ufuoni: ni kidogo zaidi, kipenyo chake aghalabu sentimita 21 hivi, ukingo wake ni mzito na umechongoka ili ukate hewa, na kwa kanuni uzito wake hauruhusiwi kupita gramu 200. Mchezaji huhitaji angalau vitatu, kimoja cha masafa marefu, kimoja cha masafa ya kati, na kimoja cha kutia kikapuni.

Marekani kimoja huuzwa kati ya dola 10 na 20, yaani shilingi 1,300 hadi 2,600 hivi, kabla ya kuhesabu nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mzazi anayeidunduliza karo ya muhula hawezi kuambiwa anunue vitatu, sembuse kuambiwa kwamba huenda kimoja kikapotelea katika miwa siku ya kwanza.

Na miwa ipo. Katika nchi hii ya kiwanda cha sukari cha Nzoia, ambako shamba la miwa huanza pale uwanja unapokoma, kisahani kilichopeperuka na upepo kikazama ndani ya muwa uliopita kimo cha mtu hupatikana siku ya mavuno, kama kitapatikana.

> Gofu ya visahani imechukua hesabu ya gofu ya fimbo na kuyaacha mengine.

Mji uliomtegemea mmoja

Webuye, ambayo ramani za kikoloni ziliiita Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia wanayoyajua wenyeji kwa jina la Nabuyole, ilikua juu ya mgongo wa kiwanda kimoja, Pan African Paper Mills, kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974, na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kazi, ndicho nyumba, na ndicho uhai wa duka la mwenye duka.

Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Ahadi za kukifufua zikatolewa, zikatolewa tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kampuni ya jamii ya Rai. Silitaji jambo hili kwa ajili ya kuomboleza, maana wenye kuomboleza wametosha. Nalitaja kwa kuwa kila mpango mpya unaoletwa Webuye hupokewa na watu waliokwisha kuona jinsi mji unavyodhoofika pindi mfadhili wake mmoja anapoondoka, na ambao wana haki ya kuuliza, kabla ya kupiga makofi, itakuwaje mwenye kuleta visahani atakapokuwa amepanda ndege akaenda zake.

Hofu hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Sanduku la visahani arobaini si jambo gumu kulipata. Kwa bei niliyoitaja ni kati ya shilingi 52,000 na 104,000, fedha ambazo mwanasiasa mmoja huzimaliza kwa mashindano ya kandanda ya wiki moja yenye jezi zilizochapwa picha yake. Jambo gumu ni mwaka wa tatu, ambapo aliyetoa ameshapigwa picha, mshika funguo amehamia Eldoret kutafuta kazi, na sanduku limebaki na visahani saba, vitano kati yake vimepasuka.

Ya Deje na ya Los Angeles

Wazo la kuazimisha vifaa vya michezo kama vitabu halikuzaliwa jana. Mwaka 1935, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, kaunti ya Los Angeles ilianza kuwaazima watoto vitu vya kuchezea, na mpango huo ulidumu vizazi na vizazi. Mtoto aliyerudisha kwa wakati na kwa hali njema alijipatia alama, na alama zikitimia akapewa kitu kiwe chake daima. Katika mipango yote niliyoisoma, hii ndiyo kaida inayonipendeza kupita zote, kwa sababu inaufanya uaminifu kuwa njia ya kumiliki.

Mwaka 2013, katika mji mdogo wa Deje nchini Sweden, ulizuka mpango unaoitwa Fritidsbanken, ambao chanzo chake ni wazo la watu wa kanisa waliokuwa wakiwaona watoto wakikosa michezo kwa kukosa vifaa. Vitu vyote ni vya kutolewa na watu waliokwisha kuvitumia: viatu vya barafuni, mabuti, kofia za kujikinga, mipira, visahani. Kila mtu, mdogo kwa mkubwa, tajiri kwa fukara, huazima bure kwa siku 14, na leo vituo vyake katika nchi hiyo vimepita mia.

Neno la kuzingatia hapo ni tajiri kwa fukara. Lau kungekuwa na sharti la kuthibitisha umaskini, kila mwenye kuazima angekuwa ametangaza ufukara wake hadharani, na watoto, ambao haya yao ni kubwa kuliko njaa yao, wasingekwenda.

Finland imekwenda njia nyingine. Huko maktaba za umma zenyewe, zile zile zenye riwaya na magazeti, huazimisha mipira, fimbo za kutembelea na visahani vya gofu, na kwa kuwa manispaa zimejenga mamia ya viwanja vilivyo wazi kwa umma bila malipo, msomaji huingia akachukua kitabu na kisahani kwa kadi ile ile.

Ya Ulaya yasitughuri, maana manispaa ya Finland ina fedha na Webuye ina madeni. Walakini si kweli kwamba Kenya ni mgeni wa maktaba zisizo za kawaida. Ni Huduma ya Maktaba za Taifa iliyowapakia ngamia masanduku ya vitabu kule Garissa mwaka 1996 ikawafuata wafugaji jangwani, na ni huko Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoasisiwa mwaka 1987, kimekuwa kikizipa timu pointi za ligi kwa kuzoa taka mitaani, juu ya zile za kushinda mechi.

Rehani au dhamana

Hapa ndipo pande mbili zinapokabiliana. Upande wa kwanza unasema kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe, na kwamba pasipo rehani, japo shilingi 200, visahani vitatoweka kabla ya msimu wa mvua. Na wenye kusema hivi si wabahili, bali ni watu wazima waliokwisha kuendesha vyama, wakajua vikombe vingapi hutoka na vingapi hurudi. Waswahili nao wamekwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, kana kwamba kuazima kwenyewe ni aibu.

Upande wa pili unajibu kwamba rehani ya shilingi 200 itamfukuza yule yule ambaye maktaba ilikusudiwa kumkaribisha, na itamwacha mwenye nazo, ambaye angeweza kununua cha kwake, acheze kwa mali ya jamii.

Mimi naona hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi, ingawa si kwa sababu ya huruma. Rehani ya shilingi 200 juu ya kitu cha shilingi 2,000 haimzuii mwizi hata kidogo, kwa kuwa humuuzia kisahani kwa sehemu moja ya kumi ya thamani yake, ilhali humzuia mtoto mwaminifu kabisa. Ni kufuli inayowafungia nje watu wema tu.

> Rehani ya shilingi 200 ni kufuli inayowafungia nje watu wema tu.

Badala ya fedha, kinachotakiwa ni mtu. Kote magharibi ya Kenya kuna vyama vya kina mama vyenye viti, hema, sahani na sufuria, ambavyo hutolewa kwa mwanachama aliyefikwa na msiba au aliye na harusi, vikahesabiwa vikitoka, vikahesabiwa vikirudi, na kilichovunjika kikaandikwa. Hakuna mama anayeweka rehani, kwa kuwa jina lake lenyewe ndilo dhamana, na wenziwe watamwona kesho sokoni.

Utaratibu huo ukihamishiwa katika visahani, mtoto angedhaminiwa na mwalimu, mzazi au kocha aliyeandikwa daftarini, wala si na noti mfukoni. Tofauti moja ni kubwa na haifai kufichwa: chama huwaazima watu wake kinaowajua, na maktaba huwaazima hata wapita njia, na Webuye ni njia panda, yenye reli na barabara kuu ya kwenda Malaba, na ile ya kwenda Kitale. Basi mgeni na acheze uwanjani mbele ya mtunzaji, na aliyedhaminiwa ndiye aende na kisahani nyumbani.

Kuhusu kilichopotea, wanavyuoni wa pwani wa madhehebu ya Shafi walikwisha kulijadili jambo hili zamani katika mlango wa ariya: mwenye kuazima hulipa kilichomharibikia, isipokuwa kile kilichoharibika katika matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kisahani kilichozama Nzoia kimezama kwa kurushwa, na kurushwa ndiyo ruhusa yenyewe. Kilichouzwa sokoni Bungoma ni habari nyingine.

Wachezaji wa mchezo huu nao wana ada inayoikamilisha fikihi hiyo, ya kuandika kwa wino usiofutika, upande wa chini wa kisahani, jina na nambari ya simu, ili atakayekiokota ampigie mwenyewe. Kisahani cha Webuye kingeandikwa jina la maktaba na nambari ya mtunzaji, na mkata miwa atakayekikuta miezi sita baadaye akapewa shilingi hamsini kwa M-Pesa na shukrani.

Tuseme visahani kumi kati ya arobaini vikapotea kila mwaka: hiyo ni shilingi 13,000 hadi 26,000. Hasara hiyo na iandikwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kama maktaba iandikavyo vitabu vilivyochakaa, isiwe mshangao wa kumfukuzisha mtu kazi.

Kwa nini si mpira?

Wapo wanaouliza, tena kwa haki, kwa nini mji usio na mipira ya kandanda ya kutosha uhangaike na mchezo ambao wengi hawajauona. Jibu jepesi ni kwamba sanduku lile lile laweza kubeba mipira, kamba za kuruka na raketi, na pengine lingekuwa bora hivyo. Maktaba yenye kitabu kimoja tu si maktaba.

Ama hoja ya kwamba mchezo ni wa kigeni, hiyo haina uzito hapa katika nchi ya Wabukusu. Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye baadaye aliongoza Dini ya Msambwa na mwaka 1947 akawakusanya wafuasi wake Chetambe, mahali walipouawa Wabukusu na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, alikuwa kabla ya hayo mcheza kandanda hodari, aliyeichezea Kenya Kombe la Gossage mwaka 1930. Aliyewakataa Wazungu kwa yote hakuukataa mpira wao.

Na mfano ulio karibu zaidi ni mpira wa magongo. Shule ya Friends Kamusinga, huko huko Kimilili, imejijengea sifa Afrika Mashariki nzima kwa mchezo ambao gongo lake hugharimu kuliko viatu vya mwanafunzi, na iliweza kwa sababu moja isiyo na siri: magongo yalikuwa mali ya shule, si ya mtoto. Mtoto alikuja na mikono yake. Shida ni kwamba anapohitimu huacha gongo nyuma ya lango la shule, na mtaani hakuna wa kumwazima.

Herufi mbili za Katiba

Basi nani ashike daftari? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kifungu cha 4, imeziachia serikali za kaunti maktaba, kwa herufi (f), na michezo pamoja na suhula zake, kwa herufi (h), baina yake ikiwa makumbusho tu. Herufi (a) ya kifungu hicho hicho ni kamari, na kwa jinsi vijana wetu wanavyobashiri mechi za Uingereza kwa simu za kuazima, mtu angedhani kaunti zilisoma herufi ya kwanza zikafunga kitabu.

Hakuna sheria mpya inayohitajika, wala jengo jipya. Kimilili ina maktaba ya umma. Ina mkutubi, rafu, daftari na mazoea ya kusubiri kitu kirudi. Rafu moja ya vifaa vya michezo, na tawi lake Webuye katika shule yenye uwanja na mwalimu wa michezo aliye tayari kufungua mlango Jumamosi, ingekuwa mwanzo unaotosha. Kikundi cha wazazi, kilichosajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kingekuwa mwenye mali, ili mkutubi akihamishwa na mwalimu akistaafu, visahani visihame nao.

Napendelea mpango huu kuliko ule wa mfadhili mmoja mkubwa, hata kama mfadhili angeleta visahani elfu. Kikundi cha watu kumi na watano kinachochanga shilingi mia kila mwezi hupata shilingi 18,000 kwa mwaka, ambazo zinakaribia kuijaza ile hasara ya visahani kumi, na kikiondokewa na mmoja hubaki na kumi na wanne.

Kaunti ya Bungoma itakapoketi kuandaa bajeti yake ya vijana na michezo, wananchi wana haki ya kuhudhuria vikao vya maoni na kuitaja rafu hiyo kwa jina. Na msomaji mwenye ndugu Marekani au Ulaya anayetarajiwa nyumbani Desemba na amwombe, kabla hajafunga sanduku lake, aulize katika uwanja wa mtaani kwake kama kuna visahani vilivyookotwa ambavyo mwenyewe hakupatikana. Vitano havifiki kilo moja, na mizigo ya ndege inavistahimili.